Ghala la Delbert Limejaa Maji

Mwezi wa Juni jua halizami Qaviaq, kijiji chetu cha kaskazini ya mbali, na kwa mtu mwenye jambo la kuficha hakuna mwezi mbaya kama huo. Delbert Tuvaaq alikuwa na jambo la kuficha. Lilikuwa chini ya ardhi, ndani ya ghala la barafu alilolichimba babu yake kwa sururu, na tayari lilikuwa limeanza kunuka.

Asubuhi ile aliteremka ngazi akipiga mluzi, kwenda kutazama nyama ya sikukuu. Alipofika chini mguu ukaingia kwenye maji. Akadhani amekanyaga ndoo. Akamulika tochi, akaona sakafu nzima imegeuka kidimbwi chekundu, na vile vipande vya chini, alivyovipanga kwa mikono yake mwenyewe mwezi uliopita, vimelala humo vimelegea na kufanya ute. Akainama akanusa. Sisi watu wa pwani hii hatuogopi harufu ya nyangumi. Tunamla mbichi, tunamla wa kuchemsha, tunamla hata aliyechachushwa ndooni. Lakini iliyooza ni iliyooza, na pua ya Delbert haikuwa na shaka.

Ubaya wenyewe ni kwamba nyama ile haikuwa yake. Nyangumi alijitoa, kama tusemavyo, mwezi wa Mei kwa mashua ambayo Delbert ndiye nahodha wake. Elmer, shemeji yake, ndiye aliyerusha chusa, na kijiji kizima kikavuta kamba kumpandisha juu ya barafu. Siku ileile mafungu yakagawiwa, kila mashua na lake, kila nyumba na lake. Kilichobaki, yaani mkia, mapezi na rundo zuri la maktak, ile ngozi nyeusi na mafuta yake, huwekwa kwa nahodha. Nahodha hukitunza mpaka siku ya sikukuu, ndipo awalishe watu. Anachopata yeye ni heshima ya kutunza, basi. Na sikukuu ya Delbert ilikuwa wiki inayofuata.

Kama maji yale yangemjia kwa ghafla angepata pa kujitetea. Lakini aliambiwa, tena na watu wawili.

Wa kwanza alikuwa Lucille, mkewe. Mwezi wa Aprili, kabla mashua hazijatoka, yeye na dada zake waliteremka kusafisha ghala, maana nyangumi hajitoi kwa mtu atakayemlaza pachafu. Walikwangua kuta, wakatoa mabaki ya zamani wakayarudisha baharini, wakamwaga theluji mpya sakafuni. Lucille alipopanda juu hakuwa na furaha. Akamwambia mumewe kwamba ukuta wa upande wa bahari unatoa jasho, na ule urembo wa barafu uliokuwa ukining'inia darini tangu alipoolewa haupo tena. Delbert akasema ni joto la taa za wanawake na maneno yao mengi.

Wa pili alikuwa Shangazi Myrtle, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mdogo wa umbo ambaye hana jino hata moja na hajawahi kupaza sauti. Alikuja mwenyewe kwa miguu, akaketi jikoni, akanywa chai. Akasema ghala lake liko mbali na ukingo wa bahari, ni kavu, na tangu mumewe afariki liko nusu tupu. Akamwomba Delbert, akipata nyangumi mwaka huu, alete nyama kwake.

Sasa hapo kuna jambo la kueleza. Wiki ileile walikuwa wamekuja vijana wawili kutoka kusini na vyuma vyao vya kupima joto la ardhi, wakasema maghala ya ukingoni yanapoteza baridi yake na mengine hayatafika mwisho wa kiangazi. Delbert akashika redio. Kila jiko la Qaviaq lina redio ya mawasiliano, inafunguliwa kabla ya chai na haizimwi, kwa hiyo ukisema humo umesema masikioni mwa kila mtu. Akatangaza kwamba babu yake alichimba ghala lile kabla hao vijana hawajajua barafu ni nini, na kwamba litawazika wao na vyuma vyao. Watu walicheka sana. Delbert alitembea kifua mbele siku kadhaa.

Kwa hiyo Shangazi alipomaliza kusema, kichwa cha Delbert bado kilikuwa kimevimba. Akamjibu kwa kicheko kwamba nahodha anayeweka nyama kwenye ghala la mjane basi aazime na gauni lake kabisa. Shangazi Myrtle hakucheka. Alimaliza chai yake, akashukuru, akaenda zake.

Kicheko hicho ndicho kilichomrudia Delbert pale chini, ameshika tochi, maji yamemjaa viatuni. Alijisikia vibaya hadi akakaa kwenye ngazi. Hakuenda hata kutazama nyama ya nyuma. Aliogopa kuiona. Alipanda juu, akafunga kifuniko, akakikalia juu kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Nyumbani Lucille alikuwa anakoroga ndoo za nyama ya kuchachusha pamoja na dada zake. Kazi hiyo haitaki mchezo. Ukiacha kukoroga inageuka sumu. Akauliza bila kuinua macho, nyama ya ghalani ikoje? Delbert akasema safi. Neno lilimtoka jepesi hata yeye mwenyewe akashangaa. Lucille akawaambia dada zake, safi, na mmoja akachukua redio akamwambia rafiki yake kwamba mwaka huu mkia wa Delbert ni wa kula na kusaza. Kufikia chakula cha mchana kijiji kizima kilijua nyama ni safi.

Angeweza kusema bado. Hilo alilijua. Siku ya kwanza angeweza kusema, na ya pili, na kila siku iliyopita kinywa kilizidi kuwa kizito. Alikuwa anakwenda mpaka mlangoni kwa Shangazi Myrtle, anajifanya anatazama mbwa wa jirani, anarudi. Watu walimpungia mkono njiani, wakamtania kuhusu tumbo lake, wakamwambia wameshaandaa mifuko mikubwa ya kubebea. Alicheka nao. Usiku alijigeuza kitandani na jua likimpiga usoni kupitia kona ya pazia.

Hatimaye akakata shauri. Ataitoa nyama mbovu peke yake, ataitosa baharini nyuma ya rasi, atakausha maji kwa ndoo, na siku ya sikukuu atasema nyangumi alikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Lakini ataitoaje? Mahali pengine mwizi angengoja giza. Delbert alingoja ukungu.

Ukungu ulikuja siku mbili kabla ya sikukuu, mzito, kutoka kwenye barafu. Lucille alikuwa kanisani na wanawake wakipanga meza. Delbert alifunga tela nyuma ya pikipiki yake ya magurudumu manne, akateremka ghalani, akaanza kupandisha vipande kimoja kimoja kwa kamba. Alifunika na turubai, akawasha, akaondoka polepole kufuata ufuo. Nahodha mzima, mwenye bendera yake, anajificha na nyama ya watu.

Nyuma ya rasi ndipo yalipo yale masufuria makubwa ya chuma, yaliyoliwa na kutu, ambayo watu wa meli walichemshia mafuta enzi za mababu. Kila mtu wa kwetu anakijua kisa chao. Walikuja na meli nyingi, wakawaua nyangumi wengi, na walichotaka ni mafuta na zile fito ngumu zinazoota kinywani mwa nyangumi badala ya meno, za kutengenezea mikanda ya kubana viuno vya wanawake wa kwao. Nyama waliiacha ielee ioze. Mwaka ule wa mwisho wa meli zao babu zetu walikufa njaa mbele ya maji yaliyojaa mizoga. Mpaka leo ukitaka kumtukana mtu wa Qaviaq tusi la kumchoma, mwambie ana roho ya watu wa meli.

Delbert alipita masufuria yale bila kuyatazama. Akafika pale barafu ya ufuoni ilipoachana na kuacha maji meusi, akafunua turubai, akaanza kutosa. Kipande cha kwanza kiliingia majini kwa sauti kubwa hata akaruka mwenyewe. Akaomba msamaha. Kwa nani, hakujua vizuri. Kwa nyangumi, nadhani. Akasema chini kwa chini, "Nisamehe, umejitoa kwa mpumbavu." Akaendelea kutosa.

Ndipo shakwe walipomjia. Kwanza wawili, kisha kumi, kisha kundi zima likipiga kelele juu ya kichwa chake kiasi kwamba mtu aliyelala angeamka. Aliwarushia mawe. Akawatukana. Na wakati anahangaika na ndege, upepo ukageuka ukatoka nchi kavu, na ukungu ukaondoka. Haukuondoka kidogo kidogo. Ulifunguka wote, jua likamwagika, na Delbert akajikuta amesimama peupe na kipande cha mkia mikononi, na hatua chache kutoka kwake hema mbili za watu waliokuja rasini kuwinda bata bahari.

Kwanza alitoka Elmer na bunduki begani. Aliona shakwe, akaona tela, akaona damu, na uso wake ukachangamka. Alidhani Delbert amepata dubu.

"Shemeji!" aliita, anakuja mbio. "Tumbo lako lote hilo umemkimbiza dubu peke yako? Ngoja tukusaidie kuvuta, usije ukafa tukamkosa nahodha."

Wengine wakatoka nyuma yake, wanacheka, wamekunja mikono ya makoti tayari kwa kazi. Shangazi Myrtle alitoka wa mwisho, ana manyoya ya bata kwenye vidole. Delbert alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliweka kipande chini, akakiokota tena, hakujua la kukifanyia. Elmer alifika karibu, akasimama. Kicheko kikafa usoni. Yeye ndiye aliyepiga chusa. Aliijua nyama ile.

Elmer aliinama kwenye tela, akaugusa ute, akanusa kidole, akakipangusa mchangani. Akauliza ni tangu lini. Delbert akasema tangu wiki iliyopita. Elmer akauliza Lucille anajua? Delbert akatikisa kichwa. Elmer akamgeuzia kisogo, akatembea mpaka kwenye maji, akasimama kule akitazama vipande vinavyoelea. Delbert hakuwa na uso wa kumfuata.

Delbert akaanza kujieleza kwa shangazi yake. Akasema hakuna nahodha ambaye hajatupa nyama iliyoharibika, kwamba hata wakati wa kusafisha maghala mabaki hurudishwa baharini, kwamba hakutaka kuwaharibia watu sikukuu. Maneno yalikuwa mengi na yote yalikuwa kweli, na kila moja lilizidi kumfanya ajione mdogo. Shangazi Myrtle alimwacha amalize. Kisha akasema kwa sauti ileile ya kila siku:

"Mwanangu, watu wa meli walitupa nyama mchana, babu zetu wakiwatazama. Wewe umengoja ukungu."

Hapo Delbert alilia. Mtu wa makamo, mwenye wajukuu, alilia na pua ikimtiririka, na hakuna aliyemzuia wala kumbembeleza. Shangazi alingoja. Halafu akauliza jambo ambalo Delbert mwenyewe hakuwahi kujiuliza kwa wiki nzima: ya nyuma je? Imeoza yote?

Delbert akasema hajui. Shangazi akauliza hajui vipi, si ghala lake? Ikabidi aseme kwamba hakwenda kutazama.

"Hukwenda kutazama," alirudia Shangazi. Hakuwa anauliza. Akafungua koti lake, akatoa redio yake ndogo, akampa. "Sema. Sema wewe, siyo mimi."

Delbert aliishika redio ile kama kitu cha moto. Alijua ni saa ambayo kila jiko lina watu. Alijua Lucille yuko kanisani na redio iko mezani, katikati ya wanawake wote. Alibonyeza, akaachia. Akabonyeza tena. Elmer alikuwa amegeuka sasa, anamtazama.

"Ni Delbert," alisema. "Ghala langu limejaa maji. Nyama ya sikukuu, ya chini, imeoza. Niliambiwa litavuja nikacheka. Nilimwambia Lucille nyama ni safi, nilimdanganya, yeye hajui lolote. Ya nyuma sijui ikoje. Naomba msaada. Basi."

Redio ilikaa kimya. Siku nyingine yoyote angerukiwa na mizaha kumi kabla hajaachia kidole. Kimya kikaendelea mpaka akadhani imeharibika. Mwisho sauti ya mzee mmoja ikasema wanakuja.

Walikuja, na walikuja wengi. Kufika kwake na tela tupu alikuta kifuniko kimeshafunguliwa, watu wamejipanga mstari kutoka shimoni mpaka njiani. Ya nyuma, iliyokuwa juu ya mbao, ilikuwa nzima, imeganda, lakini maji yalikuwa yamebakiza kiganja tu kuifikia. Angengoja siku mbili nyingine ingekwenda yote. Angesema siku ya kwanza isingekwenda hata nusu. Kila mtu pale aliweza kupiga hesabu hiyo na hakuna aliyeipiga kwa sauti. Walipokezana vipande, wakavipakia, wakavipeleka kwenye ghala la Shangazi Myrtle.

Na walikuwa na adabu naye. Hilo ndilo lililommaliza. Walimpisha njia. Walimwambia samahani walipomgusa bega. Mtu ambaye juzi alimtania tumbo lake sasa alimwita nahodha, kwa upole, akitazama pembeni. Kwetu mtu asiyetaniwa ni mgeni au ni maiti. Delbert alibeba vipande vizito kuliko vyote, akaingia majini pale wengine walipokwepa, akafanya kazi mpaka vidole vikakataa kukunjika, na bado alijiona yuko pembeni.

Lucille alikuja kazi ikikaribia kwisha. Alikuwa bado amevaa aproni ya kanisani. Hakupiga kelele. Alimvuta mumewe nyuma ya nyumba, pasipo watu, akamuuliza kama anajua alichomfanyia. Delbert akasema anajua.

"Hujui," alisema Lucille. "Mimi ndiye niliyewaambia ni safi. Wamekula nyumbani kwangu miaka yote hii bila kunusa, kwa sababu nikisema safi ni safi. Leo nimesimama katikati yao redio inaongea, na mama mmoja akaweka kijiko chini. Hakusema kitu. Aliweka tu kijiko chini. Ulikuwa mchuzi wangu, Delbert."

Alitaka kumshika mkono, akaona mikono yake mwenyewe inavyonuka, akairudisha. Lucille aliingia ndani akaendelea kukoroga ndoo zake.

Kulikuwa na waliosema sikukuu iahirishwe. Wazee walikaa, wakaamua ifanywe, kwa sababu nyangumi ameshajitoa na hana kosa. Nyama nzuri ingetosha kama itakatwa vyembamba. Elmer alisema atasimama kama mpiga chusa anavyotakiwa, lakini tangu siku ile rasini hakuwa amezungumza na shemeji yake isipokuwa la kazi.

Siku ilipofika hali ya hewa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Waliinua turubai za kuzuia upepo, bendera ya Delbert, ile aliyorithi kwa babu yake, ikapandishwa juu, watu wakaketi duara kwenye mikeka na viti vyao, wamevaa nguo mpya zilizoshonwa na mama zao, kila familia na mabakuli, visu na mifuko yake. Mchungaji aliomba. Supu ya bata ikazunguka, ikaliwa. Mkate ukazunguka, ukaliwa. Chai, kahawa, vyote vilikwenda vizuri, na watoto walianza kudai blanketi la kurushia watu juu hewani, mchezo wa kila sikukuu.

Kisha zamu ya mkia ikafika. Kugawa mkia ni kazi ya nahodha mwenyewe. Delbert akachukua beseni, Elmer upande mmoja, Lucille upande wa pili, wakaingia katikati ya duara.

Alianza na wazee, kama inavyotakiwa. Akasimama mbele ya mzee wa kwanza, na mzee akamtazama kwa upole, na bakuli likabaki magotini. Delbert akasogea kwa wa pili. Huyo alifungua mfuko, akapokea kipande kidogo, akakifunga humo vizuri, akaweka nyuma yake. Watu hubeba nyama nyumbani siku hiyo, ni kawaida, huwezi kumlaumu mtu kwa kufungua mfuko. Wa tatu naye alifungua mfuko. Wa nne alisema ameshiba, asante sana, Mungu akubariki. Delbert alisikia kimya kikitembea kuzunguka duara lote mbele yake. Hata watoto walinyamaza. Akamtazama Lucille, akaona shingo yake imesimama imara na macho yake yamejaa maji, anatazama mbele tu.

Nyama ilikuwa nzuri. Delbert alijua, Elmer alijua, wazee waliikagua wenyewe. Lakini angesema nini? Angesema ni safi? Neno hilo alikuwa ameshalitumia.

Nahodha hali chakula siku ya sikukuu yake. Tangu Qaviaq iwe Qaviaq nahodha hali mpaka mtu wa mwisho ashibe, na wengi wanalala na njaa siku hiyo na kuona fahari. Nahodha anayekula mbele za watu wake ni mlafi, na mtoto wake ataambiwa hivyo shuleni. Delbert alilijua hilo tangu hajaota meno. Aliweka beseni chini kwenye mkeka. Akachukua kisu, akakata kipande kikubwa, nyama na ngozi na mafuta yake, siyo cha kuonja. Akakitia mdomoni mbele ya kijiji kizima.

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Lucille alishusha kichwa. Delbert alitafuna. Ngozi ya nyangumi ni ngumu, haimezwi haraka. Alitafuna na uso ukimwaka moto, mbele ya wajukuu wake, mbele ya bendera ya babu yake, na machozi yakimshuka mpaka kwenye mafuta ya kidevuni, na hakujifuta. Alimeza. Akakata cha pili, akala tena, ili asiwepo wa kusema amekitema. Kisha akasimama pale amefungua mikono, kila mtu akimtazama.

Shangazi Myrtle alikuwa ameketi mwisho wa safu ya wazee. Alinyanyua bakuli lake, akalinyoosha mbele kwa mikono yote miwili.

"Nikatie vipande vidogo," alisema. "Vidogo kabisa, Delbert. Mimi sina meno."

Delbert akapiga magoti mbele yake, akaanza kukata, na mafuta yakawa yanamteleza kisuni, hata Elmer akainama akamshikia kile kipande.